Fundi umeme wa miaka 19, na bado siitwi kwenye usaili

Ndugu mshauri,

Salaam. Mimi ni fundi umeme, nina umri wa miaka 44. Nilianza kama msaidizi wa fundi mmoja mzee, yeye ndiye aliyenifundisha kazi, kisha nikafanya mitihani ya ufundi hadi nikapata leseni. Miaka 8 ya mwanzo nilikuwa kwa wakandarasi wa majengo. Baadaye nikaajiriwa kiwandani, nikakaa miaka mingine 8, na minne ya mwisho nilikuwa kiongozi wa zamu. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi nikaanza kujitegemea, na huu ni mwaka wa 3.

Kazi za kujitegemea zinapatikana, ila leo ipo, kesho hakuna. Nataka kurudi kwenye ajira, hasa usimamizi wa matengenezo. Nimetuma maombi sehemu nyingi na sijaitwa kwenye usaili hata mara moja. Kinachoniuma ni kwamba vijana wawili niliowafundisha mimi mwenyewe wameitwa, na mmoja ameshaanza kazi. Siwaonei kijicho, nawatakia heri, ila najiuliza wao wameandika nini ambacho mimi sijaandika.

Wasifu wangu una kurasa 6. Binti yangu ndiye aliyenichapia. Nimeweka kila kitu: shule ya msingi, vifaa vyote ninavyojua kutumia, kazi zote tangu nianze, picha yangu na nakala za vyeti. Kwenye miaka ya kiwandani nimeandika hivi: "Nilihusika na ukarabati na matengenezo ya mitambo ya umeme na kurekebisha hitilafu mbalimbali." Sijui niongeze nini hapo. Kazi kubwa nimefanya, kama ile ya kubadilisha ubao mkuu wa umeme wa kiwanda kizima katika wikiendi moja huku mkubwa wangu akiwa safarini, lakini naona kuandika mambo kama hayo ni kujisifu. Nimekua nikiambiwa kizuri chajiuza.

Naomba pia uniambie: je, nifiche umri? Hii miaka 3 ya kujitegemea itaonekana kama sikuwa na kazi? Na je, kukosa diploma kutanikwamisha?

Ni mimi,
Fundi asiyeitwa

JIBU

Ndugu yangu fundi,

Pole kwa kungoja, na hongera kwa kuwafundisha vijana hadi wakasimama wenyewe. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kwa sababu ina jambo moja la kushangaza: jambo kubwa kuliko yote uliyonieleza, la kubadilisha ubao mkuu wa kiwanda mkubwa wako akiwa hayupo, kwenye wasifu wako halimo. Umeniandikia mimi, nisiyekuajiri, ukamnyima mtu anayetafuta fundi wa namna hiyo hasa.

Kizuri chajiuza pale mnunuzi anapokiona. Ubao uliofungwa vizuri unajiuza kwa anayefungua mlango wake na kuona nyaya zilivyopangwa na kila saketi ilivyoandikwa jina. Mwajiri unayemwomba kazi hajafungua mlango huo. Ameshika karatasi zako tu, na karatasi zinamwambia kwamba "ulihusika".

Hebu kaa upande wake. Anayeajiri fundi umeme mzoefu ana hofu ya aina yake. Akikosea kuajiri karani, barua zitachelewa. Akikosea kuajiri wewe, mtu anaweza kufa, jengo linaweza kuungua, au uzalishaji ukasimama wakati wateja wanasubiri. Kwa hiyo anaposoma anajiuliza swali moja: huyu naweza kumwachia nini peke yake? Kijana wako wa miaka mitatu kazini anaweza kuandika kwamba anajua kufunga taa na soketi, na inamtosha kwa nafasi anayoomba. Wewe unaomba usimamizi. Lazima karatasi ionyeshe ulichoachiwa, kilikuwa na ukubwa gani, na ulikifikishaje mwisho. Kusema hivyo si kujisifu, ni kutoa taarifa. Unapokabidhi zamu unamweleza mwenzako hali halisi ya mitambo bila kuona haya. Hapa unafanya kitu kilekile.

Tuanze na sentensi yako ya kiwandani, maana ndipo penye utajiri wote. "Nilihusika na ukarabati na matengenezo ya mitambo ya umeme na kurekebisha hitilafu mbalimbali." Sentensi hii inaweza kuandikwa na mtu aliyekuwa akishika ngazi. Sasa chukua kazi ya ule ubao na ujiulize maswali ambayo fundi mwenzio angekuuliza. Transfoma ilikuwa ya ukubwa gani? Swichi kuu ilikuwa ya ampea ngapi? Mafundi walikuwa wangapi chini yako? Nani alipanga utaratibu wa kuzima? Ulipima nini kabla ya kurudisha umeme, na nani alitia saini? Uzalishaji ulirudi lini? Mimi sijui majibu, wewe unayajua. Tuchukulie tu kwa mfano kwamba yalikuwa haya, uone inavyosomeka:

"Niliongoza mafundi 4 kubadilisha ubao mkuu wa umeme (volti 400, ampea 1,000, unaolishwa na transfoma ya kVA 630) wakati kiwanda kimezimwa kwa siku mbili. Nilipanga utaratibu wa kuzima na kufunga kwa kufuli, nikasimamia uhamishaji wa kebo 14, nikapima usugu wa insulesheni na mfuatano wa fezi, na kurudisha umeme kabla ya zamu ya Jumatatu asubuhi."

Ni sentensi mbili tu. Hakuna neno la sifa ndani yake, huoni "hodari" wala "mchapakazi", na bado msomaji ameshajua kwamba huyu mtu unaweza kumwachia kiwanda. Angalia pia kwamba tarakimu zake zinaelewana. Transfoma yenye uwezo wa kVA 630 kwenye volti 400 inatoa takriban ampea 900, kwa hiyo ubao wa ampea 1,000 unaingia akilini. Ukiandika tarakimu zisizopatana, mhandisi atakayesoma ataona mara moja, na baada ya hapo hataamini hata zile za kweli. Kwa hiyo usibuni. Kama hukumbuki ukubwa wa transfoma, mpigie mtu mliyefanya naye kazi, au tafuta picha za zamani kwenye simu yako, maana mafundi wengi tuna tabia ya kupiga picha kibati cha mashine, kile chenye vipimo vyake. Kama hukupata, andika unachokumbuka kwa hakika na uache kilichobaki.

Fanya hivyohivyo na "hitilafu mbalimbali". Chagua mbili au tatu zinazoonyesha jinsi unavyofikiri. Kiongozi wa zamu wa miaka minne lazima amekutana na mota inayojizima kila mchana, ambayo kila aliyeitwa alipandisha kidogo kipimo cha relei ya ovalodi (kifaa kinachozima mota inapozidiwa) na kuondoka. Mzoefu hagusi relei kwanza. Anapima volti na mkondo kwa kila fezi, anakuta fezi moja iko chini, anafuatilia hadi kwenye swichi ambako nati ya kebo imelegea na rangi ya shaba imebadilika kwa joto. Anakaza au anabadilisha kiungo, anarudisha relei kwenye kipimo kinacholingana na kibati cha mota. Kwenye wasifu hadithi yote hiyo inakuwa mstari mmoja: "Niligundua chanzo cha kujizima kwa mota ya kW 45 (volti pungufu kwenye fezi moja kutokana na kiungo kilicholegea), nikarekebisha na kurudisha ulinzi wa mota kwenye kipimo sahihi." Anayejua umeme ataelewa kwamba wewe si mtu wa kutibu dalili tu. Asiyejua ataona angalau kwamba ulitafuta chanzo. Tumia mota uliyoishughulikia wewe, si hii yangu.

Epuka kishawishi cha kuandika "nilipunguza hitilafu kwa asilimia 60" ikiwa hakuna daftari lililoandika hitilafu hizo. Ushauri wa asilimia umeenea sana, na kwa muuzaji mwenye rekodi za mauzo unafaa. Fundi ana tarakimu bora zaidi: volti, ampea, kVA, kW, idadi ya mafundi, muda wa kuzima, ukubwa wa jengo. Hizo zinathibitika.

Sasa tupange kurasa. Sita ni nyingi mno, lenga mbili. Ukurasa wako wa kwanza, kwa jinsi ulivyonieleza, unaanza na shule ya msingi. Msomaji mwenye rundo la maombi mezani huenda hakuwahi kufika kwenye kiwanda.

Juu kabisa weka jina, simu, barua pepe na mji unakoishi. Chini yake mistari mitatu au minne inayosema wewe ni nani, kwa mfano: "Fundi umeme mwenye leseni, uzoefu wa miaka 19: majengo, kiwanda na kazi za kujitegemea. Kiongozi wa zamu wa matengenezo kwa miaka 4. Nimezoea mifumo ya fezi tatu, udhibiti wa mota, jenereta za akiba na upimaji kabla ya kukabidhi." Kisha leseni. Leseni isizikwe ukurasa wa pili kati ya vyeti vya semina. Andika daraja lake, mamlaka iliyoitoa na tarehe inapoisha. Kwa nafasi nyingi hicho ndicho kigezo cha kwanza cha kuchuja, kwa sababu pasipo leseni hai hawaruhusiwi kukupa kazi hata wakikupenda.

Baada ya leseni ndipo uanze kazi, ya karibuni ikitangulia. Kiwanda kipewe nafasi kubwa kuliko vyote, hata kama si kazi ya mwisho. Miaka 8 ya wakandarasi ipe mistari michache tu: aina ya majengo, ghorofa ngapi, ulikuwa na jukumu gani, na kazi moja kubwa. Hakuna atakayekuajiri kuwa msimamizi kwa sababu ya soketi ulizofunga mwaka wako wa pili.

Orodha ya vifaa ifute. Koleo, bisibisi, tester, multimita: kila fundi anavyo, na kuvitaja kunakushusha. Bakiza vile tu vinavyohitaji ujuzi wa ziada, kama kamera ya joto, kipima usugu wa insulesheni, kipima ubora wa umeme, ikiwa umevitumia kweli. Kwa PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mitambo, kuwa mkweli zaidi. Kuna kusoma programu ili kujua ni kihisi gani hakijaleta ishara, na kuna kuandika programu mwanzo hadi mwisho. Ni kazi mbili tofauti. Ukiandika "PLC" peke yake, usaili ndio utakaokuumbua.

Suala la usalama nalisisitiza kwa sababu wengi wanaliandika vibaya. "Ninazingatia usalama kazini" ni maneno matupu, kila mtu anayaandika. Andika unachofanya. Kama ulikuwa ukitoa vibali vya kazi, sema. Kama ulikuwa na utaratibu wa kutenga, kufunga kwa kufuli, kuweka kibandiko na kuthibitisha kwamba umeme haupo kabla ya kugusa, na ukawafundisha wengine, andika na idadi ya uliowafundisha. Hapa ndipo wale vijana wako wawili wanapoingia: msimamizi hupimwa pia kwa watu aliowajenga.

Vivyo hivyo kwa upimaji. Taja vipimo kwa majina: mwendelezo wa waya wa ardhini, usugu wa insulesheni, usugu wa ardhi, kufanya kazi kwa swichi za kinga ya uvujaji wa umeme za miliampea 30. Taja na kanuni uliyofanyia kazi. Kuna nchi zinazofuata kanuni ya kimataifa ya IEC 60364 au kanuni zilizojengwa juu yake, kuna zinazotumia BS 7671 ya Uingereza, na Marekani wana NEC, ambayo hupitiwa upya kila baada ya miaka 3. Usiiandike kama pambo. Ukiandika IEC 60364, uwe tayari kuulizwa kwamba saketi ya kawaida ya volti 230 au 400 hupimwa usugu wa insulesheni kwa volti ngapi (ni 500 za mkondo mnyoofu, yaani DC) na kiwango cha chini kinachokubalika ni kipi (megaohmu 1). Wewe mambo haya unayafanya kwa mikono kila wiki. Kwenye karatasi yako hayaonekani.

Nije kwenye maswali yako.

Umri usiufiche kwa uongo, ila pia hakuna haja ya kuutangaza. Tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini na picha viondoe, isipokuwa tangazo au sheria ya unakoomba inavitaka. Miaka yako 19 ya kazi usiikate. Wapo watakaokushauri uandike kumi tu ili uonekane kijana. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu unaomba nafasi ambayo umri wa kazi ndio mtaji wake.

Miaka 3 ya kujitegemea ni kazi kamili, na itaonekana pengo pale tu utakapoiacha wazi. Ipe kichwa chake kama ajira nyingine: "Fundi umeme wa kujitegemea", mwaka ulioanza hadi sasa. Usiorodheshe kila mteja. Zikusanye kwa aina: majengo ya makazi, maduka, jenereta na swichi za kubadili chanzo, umeme wa jua, chochote ulichofanya. Kisha chagua kazi moja yenye ukubwa na uieleze kama tulivyoueleza ubao. Ongeza kwamba ulikuwa ukifanya makadirio ya gharama, ukinunua vifaa na kukabidhi kazi kwa mteja. Hayo ni majukumu ya msimamizi, na hukuyapata kiwandani, umeyapata hapa. Majina na namba za simu za wateja usiyaweke bila ridhaa yao.

Diploma hutaweza kuiumba, basi usiizungukezunguke. Andika elimu yako mwishoni, kwa ufupi: uanagenzi (kujifunza kazi chini ya fundi), miaka yake, mitihani ya ufundi uliyofaulu na daraja. Neno "uanagenzi" lisikutie unyonge, ndiyo njia ambayo mafundi wengi duniani wamepitia. Kama tangazo linasema diploma ni lazima, huenda hutaitwa hapo, na sitakudanganya. Lakini pale linaposema "diploma au uzoefu unaolingana nayo", maneno hayo yameandikwa kwa ajili yako, na barua yako ya maombi ianze na uzoefu huo.

Kuhusu uchapaji, mwambie binti yangu huyo, nampa pongezi, aondoe majedwali, visanduku na zile nyota za kujipa alama za ujuzi. Waajiri wengi wakubwa hupitisha maombi kwenye programu ya kompyuta kabla ya mtu kuyaona, na programu hizo mara nyingi huvuruga maandishi yaliyo ndani ya majedwali, na ukurasa uliopigwa picha zinaweza zisiusome kabisa. Safu moja, vichwa vya kawaida, maandishi meusi. Mjaribu hivi: anakili maandishi yote ya wasifu na kuyabandika kwenye ukurasa mtupu. Yakitoka kwa mpangilio unaosomeka, mko salama. Tuma kwa PDF isipokuwa wametaja kitu kingine, na nakala za vyeti zikae kwenye faili lake, zitumwe pale zinapoombwa.

Halafu soma kila tangazo kwa makini na utumie maneno yake pale ambapo ni kweli kwako. Wakisema "matengenezo ya kinga" na wewe umeandika "sevisi", badilisha. Ni kazi ileile, lakini programu haijui hivyo, na wakati mwingine ofisa anayechuja hajui pia. Ningekushauri uwe na wasifu wa aina mbili, mmoja wa viwandani na mwingine wa wakandarasi, halafu kila mmoja uurekebishe kidogo kabla ya kuutuma. Kama umekuwa ukituma kurasa zilezile sita kila mahali, hilo pekee linaeleza sehemu ya ukimya ulioupata.

Wadhamini wawe wawili au watatu walioiona kazi yako kwa macho. Yule mkubwa wako aliyekuwa safarini wikiendi ile anafaa kuliko wote, kwa kuwa aliondoka akakuachia kiwanda na akarudi akakikuta kinafanya kazi. Mpigie kabla ya kuandika jina lake. Mweleze unaomba nafasi gani, na umuulize kama anakumbuka ukubwa wa transfoma ile na idadi ya kebo mlizohamisha. Utapata mdhamini na tarakimu zako kwa simu moja.

Ukimaliza rasimu, kabla ya kuituma popote, mpe fundi mwenzio ambaye hakufanya kazi nawe kiwandani. Asome ukiwa umekaa kimya. Kila atakapokuuliza "hii ilikuwa ya ampea ngapi?" au "ulikuwa na nani hapa?", jibu utakalompa kwa mdomo liandike palepale pembeni, liingie kwenye wasifu. Na kwenye barua yako hukuniambia leseni inaisha lini. Iangalie leo. Ikiwa imebakiza miezi michache, anza kuihuisha kabla hujatuma ombi lolote jingine.